Mwanaume Asiye na Kitambulisho

Kaburu alimkabidhi mwanawe ufunguo wa pikipiki mbele ya ndugu zake wanne, Jumapili ya Pasaka, baada ya chakula, na mkewe Cicily akajua papo hapo kwamba ufunguo ule hautarudi. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na sufuria ya mukimo mikononi. Aliuona mkono wa Mutugi ukifunguka, kisha ukajifumba. Mashemeji zake walitikisa vichwa kwa kuridhika, wakaomba chai. Alipowamiminia, chai iliruka nje ya vikombe, na mmoja wao akamtania kwamba ameanza kuzeeka.

Mutugi alikuwa na miaka kumi na sita. Hiyo ilikuwa hesabu ya kliniki na ya shule. Pale kijijini, chini ya mji wa Nkubu, kulikuwa na hesabu nyingine. Disemba ya mwaka aliomaliza darasa la nane, Mutugi alitahiriwa, akakaa kibandani na wenzake chini ya uangalizi wa kijana mmoja aitwaye Gikunda, na alipotoka alikuwa mwanaume. Alijengewa nyumba yake ya mbao ng'ambo ya zizi. Tangu hapo mama yake hakuingia humo. Hakumtuma dukani, hakumkemea, hakumuuliza ametoka wapi. Akiwa na neno zito alilipeleka kwa baba au kwa Gikunda, nalo likamfikia mwanawe likiwa limepita midomo ya wanaume. Cicily alikua ndani ya desturi hiyo, aliona kaka zake wakiipitia, na hakuwahi kuiona ina tundu lolote mpaka ilipokutana na injini.

Kuna nchi ambako kijana wa umri wa Mutugi huendesha gari la baba yake hadi shuleni, na hakuna anayegeuka kumtazama. Kenya imesema kumi na nane. Milima hii ilikuwa imeshasema lake zamani, kabla hapajakuwa na lami.

Kaburu alikuwa fundi wa kujenga huko Isiolo, na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Pikipiki aliinunua kwa ajili ya ndizi za Cicily, zilizokuwa zikioza zikingoja pikapu ya jirani. Yeye mwenyewe hakuwa na leseni. Akiwa likizoni aliiendesha hadi kanisani na kurudi. Sasa kila siku ya soko Mutugi alifunga mikungu sita, mitatu kila upande, akashuka bondeni hadi darajani, akapanda upande wa pili kuelekea mji wa Meru na soko la Gakoromone. Watu walisema anaendesha vizuri. Cicily aliposikia hivyo aliogopa zaidi, maana hakuna aliyewahi kusema anaendesha polepole.

Hofu yake haikuwa ya jumla. Ilikuwa na mahali. Ilikaa kwenye kona ya tatu baada ya daraja, pale malori ya mawe yanapokata kona yakiwa yameula upande mzima wa barabara. Kila siku ya soko, akiwa anapalilia, alijikuta amesimama na jembe hewani akihesabu: sasa yuko darajani, sasa kona ya kwanza, sasa ya pili. Kwenye ya tatu alifumba macho. Mwishowe akaona kama hawezi kumkataza, anaweza kukaa nyuma yake. Alimwambia anataka kuuza mwenyewe, kwamba wanunuzi wanamwonea. Mutugi hakubisha. Cicily akawa anapanda juu ya ndizi, amekumbatia kiuno cha mwanawe, uso kwenye mgongo wake, akiomba kwa Kimeru. Alikuwa ameshaamua kwamba kama ni kuanguka, waanguke wote.

Mwezi Julai alikwenda kwa Gikunda. Gikunda alikuwa na miaka ishirini na sita, bodaboda wa steji ya Nkubu, na Cicily alimkuta ameketi juu ya pikipiki yake akila mahindi ya kuchoma.

"Mama Mutugi, unataka nimwambie nini?" Gikunda alisema. "Mimi ndiye nilimuuguza. Hakulia hata kidogo."

"Sijauliza kama alilia. Nimeuliza kama ana leseni."

Wenzake Gikunda wakacheka. "Ukianza kuuliza leseni hapa, utarudi nyumbani na punda," mmoja akasema.

"Wewe unayo?" Cicily akamuuliza Gikunda.

"Ninayo, tena safi." Akaitoa, akaipangusa kwa shati. "Niliipata nikiwa na ishirini na moja. Nilikuwa nimeendesha miaka mitano bila shida."

Alilisema kwa majivuno, lakini alipoona uso wa Cicily akashusha sauti. "Sikiliza. Siku hizi polisi wako kila mahali. Nitamwambia aende shule ya udereva mjini, ajiandikishe. Akiwa na karatasi hakuna mtu atamgusa."

Kwa hiyo wakati wa likizo ya Agosti, baada ya kuuza ndizi, mama na mwana walipanda ngazi za jengo moja mjini Meru hadi ofisi ya shule ya udereva. Ndani kulikuwa na benchi, vijana wanne, mabango ya alama za barabarani, na meza kubwa iliyochorwa mji mzima: barabara, makutano, taa, kivuko cha miguu, na magari ya kuchezea. Nyuma ya dawati alikaa mwanamke wa makamo mwenye miwani na koti la kiakisi linalong'aa gizani. Huyo alikuwa Nkirote. Aliandikisha wanafunzi na aliwafundisha pia.

"Kitambulisho," Nkirote alisema bila kuinua macho.

"Bado sijachukua," Mutugi akajibu.

"Kwa nini?"

"Miaka. Niko na kumi na sita."

"Basi tuonane baada ya miaka miwili."

Mutugi hakuondoka. Aliuweka mkono juu ya dawati. "Madam, mimi si mtoto. Nimetahiriwa."

Nkirote akamtazama juu ya miwani. "Hongera. Lakini serikali haikagui huko. Inakagua kadi."

Kijana mmoja kwenye benchi alicheka hadi akakohoa. Cicily aliona masikio ya mwanawe yakiwaka. Nkirote naye aliona, maana sauti yake ilibadilika.

"Pikipiki ni kumi na nane," alisema. "Kumi na sita unaruhusiwa ile ndogo kabisa, ya injini isiyozidi cc hamsini. Yenu ni ngapi?"

"Mia moja ishirini na tano."

"Basi hata leseni ya kujifunzia siwezi kukuombea." Akamgeukia Cicily. "Mama, huyu anaendesha?"

Cicily alitazama kivuko cha miguu kilichochorwa mezani.

"Akigonga mtu," Nkirote akaendelea taratibu, "bima watatafuta sababu ya kukataa kulipa, na sababu watakuwa nayo. Na mwenye pikipiki ataulizwa kortini kwa nini alimpa mtoto."

Neno hilo la mwisho ndilo lililofanya kazi. Mutugi alishuka ngazi mbili mbili. Chini aliipiga teke pikipiki ikawaka, na Cicily alikuwa hajakaa vizuri ilipochomoka.

Njia nzima hakupunguza mwendo. Pikipiki ilikuwa tupu, nyepesi, ikirukaruka. Cicily alimwita jina mara mbili, upepo ukalichukua. Waliposhuka kuelekea daraja waliona mbele yao koti la polisi na magari matatu yamesimamishwa, na Mutugi, bila kufikiri, akakata kushoto kwenye njia ya murram, ya udongo mwekundu, inayopita katikati ya mashamba ya kahawa.

Njia ilikuwa ya mteremko. Baada ya kona kulikuwa na msichana.

Alikuwa na miaka saba hivi, mtungi wa maji mgongoni, kamba ya mtungi kwenye paji la uso. Cicily alimwona kwa muda mrefu sana, au ndivyo alivyokumbuka baadaye: sare ya shule iliyofifia, viatu vya plastiki, mdomo uliofunguka. Gurudumu la nyuma likateleza. Dunia ikalala ubavu. Alisikia kitu cha plastiki kikipasuka, akahisi matawi ya mikahawa yakimchana shingoni, kisha kukawa kimya isipokuwa gurudumu lililozunguka.

Mtungi ulikuwa umepasuliwa na usukani. Kamba ilikuwa imekatika. Msichana alikuwa amesimama palepale, maji yakimtiririka miguuni, hana hata mkwaruzo. Hakulia. Aliwatazama kama mtu anayetazama wanyama wasiojulikana, kisha akageuka, akakimbia.

Cicily aliinuka. Alimtazama Mutugi, akaona mdomo wake unatetemeka na mikono haiwezi kuinua pikipiki, na akajua kinachofuata. Mwanaume hatoi machozi mbele ya mama yake. Kwa hiyo akampa mgongo. Akaanza kuokota vipande vya mtungi kimoja kimoja, akavipanga kwenye nyasi bila sababu yoyote, na akaendelea kupanga mpaka aliposikia nyuma yake mtu akipenga kamasi.

Jioni alipeleka mtungi mpya nyumbani kwa yule msichana. Bibi yake aliupokea, akashukuru, hakuuliza mengi.

Mutugi hakuwasha pikipiki siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa ya soko. Aliiwasha.

Cicily akampigia Kaburu simu kazini. Alisikia sepetu zikichota mchanga nyuma ya sauti ya mumewe.

"Chukua ule ufunguo," alimwambia.

"Nitauchukuaje? Nilimpa mbele ya ndugu zangu."

"Nusura aue mtoto wa watu." Akamweleza yote. Sepetu zikaendelea.

"Nitaongea naye mwisho wa mwezi," Kaburu alisema hatimaye.

"Hadi mwisho wa mwezi kuna siku sita za soko."

"Cicily, nikimnyang'anya nimemrudisha kuwa kijana ambaye hajapelekwa jandoni. Wenzake watajua kabla jua halijatua. Ataondoka hapo nyumbani. Ataenda kule Maua kuchuma miraa, na shule itaishia hapo. Umeona wangapi?"

Cicily alikuwa amewaona. Hilo nalo alilihofia, na sasa hofu mbili zilimbana kutoka pande mbili, moja ikimwambia auondoe ufunguo, nyingine ikimwambia asiuguse.

"Nani anaweza kuuomba bila kumvunjia heshima?" akauliza.

"Mtu ambaye ana haki nao kumzidi."

"Mwenye leseni."

"Ndiyo, lakini hapo kwetu ni nani ana leseni?"

"Hakuna. Lakini mimi nina kitambulisho."

Kaburu akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. "Wewe? Wewe unaogopa hata kupanda ngazi."

"Naogopa," Cicily alisema. "Si nimekuambia naogopa?"

Kaburu hakucheka tena.

Cicily alikuwa na miaka arobaini na minne. Nkirote alipomwona akirudi peke yake na kitambulisho mkononi alitoa kalamu. Aliandika jina, akampa kitabu cha sheria za barabarani na koti la kiakisi lililonuka jasho la watu wengine. Uwanja wa mafunzo ulikuwa nje ya mji, vumbi tupu, na mapipa yaliyopangwa. Wanafunzi wenzake walikuwa wavulana wa miaka kumi na minane na kumi na tisa, ambao kwa kweli walikuwa wamekuja kutafuta karatasi ya kitu walichokijua tangu utotoni. Walimwita Shosho, yaani bibi. Alipozima injini mara ya tano mfululizo mmoja alimuuliza kama anataka wamsukumie hadi Nairobi.

Aliiogopa pikipiki kama mtu anavyomwogopa fahali aliyefungwa kwa kamba mbovu. Akiachia klachi iliruka, akiikaza ilikufa. Siku ya pili aliangukia pipa. Siku ya nne alishuka upande usiofaa na bomba la moshi likamuunguza mguu, juu ya kifundo. Usiku hakulala, si kwa maumivu, bali kwa sababu kila alipofumba macho alimwona yule msichana, na sasa mikono iliyoshika usukani ilikuwa yake.

Shule zilikuwa zimefunguliwa. Mutugi aliamka alfajiri, akapeleka ndizi, akarudi mbio ili awahi darasani, na zile mbio za kurudi ndizo zilizomla mama yake kuliko zote. Kila wiki ya mafunzo ilikuwa wiki nyingine ya Mutugi barabarani. Alimuuliza Nkirote kama mtihani hauwezi kuja mapema.

"Mama, mtihani una siku zake," Nkirote alisema. "Wewe kanyaga breki kabla ya kona, si ndani ya kona. Rudia."

Hakumwambia Mutugi anakokwenda. Lakini asubuhi moja, alipokuja mlangoni mwa jiko kuchukua chai, Mutugi aliuona mguu uliofungwa kitambaa. Alikunywa chai yake yote kabla ya kusema.

"Shukia kushoto," alisema, akitazama zizi. "Bomba liko kulia."

Akaondoka. Cicily alisimama na birika mkononi, hakujua kama hilo lilikuwa ruhusa au dharau.

Siku ya mtihani, mwezi Oktoba, mtahini alimsimamisha kwenye ile meza iliyochorwa mji, akampa gari dogo jekundu, akamwambia alitoe kituo cha basi alipeleke hospitali. Vidole vya Cicily viliteleza kwa jasho. Alilisukuma polepole, akasema kwa sauti kila alama anayoiona, akasimama kwenye kivuko cha miguu, na pale akakwama. Hakukuwa na mtu kivukoni. Kulikuwa na mistari myeupe tu. Alisimama hapo hadi mtahini akauliza, "Mama, unangoja nini?"

"Naangalia kama kuna mtoto," Cicily alisema.

Mtahini akaandika kitu. Hakuonyesha ni kizuri au kibaya. Barabarani Cicily alizima injini mara moja, akaiwasha, akaendelea hadi mwisho. Alipoambiwa amefaulu aliomba waangalie tena jina.

Nkirote alimchapia karatasi ya leseni wakati wakisubiri kadi. Cicily aliikunja, akaitia kwenye sidiria, akapanda gari hadi nyumbani. Jioni, Mutugi alipokuja kuchukua chakula chake, aliikuta karatasi imefunguliwa kwenye kigoda nje ya jiko, karibu na sahani. Mama yake alikuwa anapuliza moto. Hakuwa na haki ya kumwamuru, na alijua kwamba akiomba na akakataliwa, hakutakuwa na mlango mwingine.

Mutugi alisoma karatasi yote, juu hadi chini.

"Daraja A," alisema.

"Eeh."

"Walikuuliza nini?"

"Mambo mengi. Waliniuliza nani anaingia kwanza kwenye mzunguko wa barabara."

"Nani?"

Cicily akageuka kutoka motoni. Alidhani anamjaribu. Kisha akaona kwamba anauliza.

"Aliye kulia kwako," alisema. "Wewe unangoja hadi kulia kuwe wazi."

Mutugi alikitazama chakula. Ule mzunguko wa pale mjini alikuwa ameupita tangu Aprili, mara mbili kwa wiki, na mikungu sita, na baadaye mama yake mgongoni.

"Mimi huwa naingia tu," alisema.

Siku zote hizo Cicily alikuwa ameiogopa kona ya tatu. Hakuna aliyemwambia aogope mzunguko.

Mutugi alikula mpaka akamaliza. Akasafisha sahani kwa mkono, akanawa, akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya karatasi ili upepo usiichukue.

"Ukifunga mikungu, ile mizito iweke chini," alisema. "Na klachi yake ni ngumu kuliko ya shule. Kesho tuna hesabu kipindi cha kwanza, sitaweza kwenda."

"Sawa," Cicily alisema. "Nitaenda mimi."

Asubuhi alifunga mikungu minne tu. Alishuka bondeni kwa gia ya kwanza huku watu wa miguu wakimpita. Kwenye kona ya tatu lori la mawe lilikuja, akaegesha kando kabisa na kungoja lipite, kisha akarudi barabarani. Kwenye kizuizi polisi alimsimamisha, akaisoma karatasi pande zote mbili, akamtazama, akamrudishia. "Endelea, Mama," alisema, na Cicily akazima injini mbele yake mara mbili kwa woga.

Kufika mjini mgongo ulikuwa umelowa. Mbele yake kulikuwa na mzunguko, na magari yakitiririka kutoka kulia bila kukatika: matatu, pikapu za viazi, bodaboda wakijipenyeza bila kumtazama mtu. Nyuma yake tuktuk ikapiga honi, mara moja, mara mbili, kisha ikakaa juu ya honi.

"Shosho, ingia tu," dereva akapaza sauti. "Unangoja harusi?"

Cicily hakuingia. Alikaza klachi kwa vidole vinne, meno yakigongana, akatazama kulia, na akaendelea kutazama kulia mpaka pakawa wazi.